Mchezo wa simu wa Yom Kippur: manyunyizo 43 ndani ya Godot

Katika ibada ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kuhani mkuu alinyunyiza damu ya fahali na ya mbuzi Hekaluni Yerusalemu, hadi lilipobomolewa mwaka 70 BK. Walawi 16 inaieleza kwa kifupi. Utaratibu wenyewe, hadi pembe ipi ya madhabahu inaanza, umo kwenye Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, risala ya Yoma. Sura ya 5 peke yake inatosha mchezo mdogo, na kanuni nyingi unazozihitaji zimo tayari. Hapa tunatumia Godot 4, programu ya kutengenezea michezo.

Hatua ya 1: ramani. Skrini iwe wima, 720 kwa 1280. Kuhani mkuu huingia akielekea magharibi, kwa hiyo juu ya skrini ni magharibi na kulia ni kaskazini. Ukiweka kaskazini juu kwa mazoea, pembe zote za madhabahu zitakosewa. Chora mapazia mawili yaliyoachana dhiraa moja: la nje liwe na upenyo kusini, la ndani kaskazini. Ndani usichore sanduku la agano. Hekalu la Pili halikuwa nalo. Palikuwa na jiwe lenye kimo cha vidole vitatu, ambalo juu yake aliweka chetezo.

Hatua ya 2: kidole.

```
var mwanzo := Vector2.ZERO

func _input(e):
    if e is InputEventScreenTouch and e.index == 0:
        if e.pressed:
            mwanzo = e.position
        else:
            var d = e.position - mwanzo
            if abs(d.y) > 80:
                nyunyiza("juu" if d.y < 0 else "chini")
```

Katika Godot, y huongezeka kwenda chini, ndiyo maana "juu" ni hasi. Usipoweka `index == 0`, kidole gumba cha pili kinachoshikilia simu kitahesabiwa. Usiweke shabaha ya kulenga: Mishna inasema hakukusudia kulenga juu wala chini, bali alirusha mkono kama apigaye mjeledi. Mwelekeo unatosha.

Hatua ya 3: hesabu. Kila duru ni mara moja juu, mara saba chini. Kuhani alihesabu hivi: "moja; moja na moja; moja na mbili…" hadi "moja na saba". Namba nane haitamkwi kamwe, basi kihesabio cha 1 hadi 8 kinaua ladha yote. Tumia vigeu viwili, `juu` na `chini`, uvionyeshe pamoja.

Hatua ya 4: mfuatano.
- Patakatifu pa Patakatifu: damu ya fahali 8, kisha ya mbuzi 8.
- Mbele ya pazia, upande wa nje: fahali 8, mbuzi 8.
- Madhabahu ya dhahabu: damu zimechanganywa; pembe 4, kisha 7 juu yake.

Jumla 43. Pembe zinaanzia kaskazini-mashariki, halafu kaskazini-magharibi, kusini-magharibi, kusini-mashariki. Kwa ramani yetu hiyo ni chini kulia, juu kulia, juu kushoto, chini kushoto. Hapa badilisha kutelezesha kuwe kugusa. Mchezaji akitanguliza mbuzi, usimfukuze: anyunyize ya fahali, kisha airudie ya mbuzi.

Hatua ya 5: damu ikimwagika. Simu ikiinamishwa ubavuni, bakuli limwagike. Soma `Input.get_accelerometer().x`, thamani kamili ikizidi 5 ni mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Chukua wastani wa fremu 10, na upuuze sensa kidole kikiwa kwenye skrini, maana kutelezesha kwenyewe hutikisa simu. Funga skrini isijizungushe. Matoleo ya karibuni ya Godot yanataka sensa iwashwe kwanza kwenye mipangilio ya mradi.

Mchezaji aanze wapi tena? Usibuni "maisha matatu". Kwa Mishna, damu ikimwagika huletwa nyingine na kuanza upya sehemu ileile tu, kwa kuwa kila moja kati ya zile tatu ni upatanisho kamili. Rabi Eleazari na Rabi Shimoni wanasema aendelee pale alipoishia. Tayari una ngazi mbili za ugumu: ya kwanza ngumu, ya marabi hao wawili rahisi.

Hatua ya 6: Kiebrania. Ambatisha fonti yenye herufi zake kwenye mradi, la sivyo baadhi ya simu zitaonyesha visanduku vitupu. Weka mwelekeo wa maandishi kulia kwenda kushoto. Jina la Mungu la herufi nne usiliandike popote. Katika mazungumzo Wayahudi wengi husema HaShem, yaani "Jina".