Kupanda Mto Lukuledi kwa mtumbwi kutoka Lindi mjini

Mto Lukuledi hutoka upande wa Masasi na kuingia kwenye ghuba ya Lindi. Kipande chake cha mwisho, ukishapita mji na ng'ambo ya Kitunda kuelekea ndani, ni maji chumvi na kingo zake ni mikoko mitupu. Hapo ndipo pa kutembea, ila ratiba anaipanga bahari. Ingia maji yakijaa, mkondo ukusukume. Ukichelewa kugeuza, utakaa topeni saa nyingi ukingoja maji mengine.

Anza na mwezi. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Ukihesabu kuanzia hapo, tarehe 10 na 25 za mwezi wa kuandama maji hujaa kama saa tano asubuhi. Kwa mgeni hizo ndizo siku zenyewe: mkondo ni mpole na jua halijawa kali. Bamvua huingiza mtumbwi hadi vijito vya ndani kabisa, lakini huo ni mchezo wa wenyeji. Hesabu hii ya vidole inaweza kupotea nusu saa au zaidi, kwa hiyo thibitisha kwa jedwali la maji la bandari au kwa wavuvi.

Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Gawa kimo cha maji mafungu 12: saa ya kwanza huongeza fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Maji ya kupanda mita 3 huongeza sentimita 75 katika saa ya tatu peke yake! Basi ikiwa yanajaa saa tano, ondoka saa mbili, na saa nne na nusu uwe umefika mwisho wako.

Dalili ya maji kugeuka ipo kwenye pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Lisimamishe wima majini utazame kijimkia cha maji nyuma yake: kinafupika, majani makavu na povu vinatulia, kisha mkia unahamia upande wa pili. Ukiuona huko, geuza. Picha zimetosha.

Beba kafi mbili, pondo la mita 3 au 4, kopo la kutolea maji, jaketi la kuokolea kwa kila mtu na maji ya kunywa lita 3 kwa kichwa. Nahodha awe mtu anayevua humo humo.

Miti nayo husema. Mlilana hukaa mbele, panapofunikwa na maji mara nyingi. Mkoko wenye mizizi ya magoti hufuata. Mchu hupenda nyuma, karibu na nchi kavu. Ukianza kuona michu kushoto na kulia, kina kimekwisha. Kwenye kona, fuata upande wa nje. Wa ndani hujaza tope.

Ukikwama, usiruke. Tope la mikoko humeza hadi mapaja, na vipumulio vya mlilana, mizizi yake ya kupumulia, vimesimama kama vigingi. Wahamishie watu upande ambao haujagusa chini, kisha sukuma kurudi ulikotoka. Pondo likinasa, lizungushe kwanza ndipo ulivute. Likigoma, liachie, maana anayeling'ang'ania hubaki akining'inia huku mtumbwi ukienda zake.

Kule juu, chumvi inapopungua, chukulia kwamba mamba yupo: hakuna kuoga wala kuning'iniza miguu. Mikoko usiikate hata kijiti cha kufungia kamba. Inalindwa na sheria.

Kurudi, jihadhari na mdomo wa mto baada ya saa saba. Upepo wa baharini ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi huwa mafupi na ya wima, na mtumbwi mwembamba huyanywa. Ambaa ukingo hadi ufike mjini.