Pishanisha kamba za tezi
Ukifunga yoti kwa kuielekeza tezi (sehemu ya nyuma) gatini huku omo (sehemu ya mbele) ikishikwa na nanga, usizipeleke kamba za nyuma moja kwa moja. Zipishanishe: ya kushoto ifunge kwenye pete ya kulia ya gati, ya kulia upande wa kushoto. Zikiwa ndefu hivyo zinavumilia zaidi maji yakijaa na kupwa, na tezi haiyumbi pembeni ikajipiga ukutani. Zinapopishana huwa zinasagana, kwa hiyo zivishe kipande cha mpira wa maji. Matairi bado yaning'inize. Nanga isiposhika chini, yote haya ni bure. Na kwa bamvua la Zanzibar, yaani maji makuu yanayopanda na kushuka takriban mita 4, heri ulale nje kwenye boya.