Sahani za pyuta zilizocheza filamu: namna ya kuzikagua kabla hujalipa

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Pyuta ni aloi ya bati, yaani metali yenyewe, si mabati ya kuezekea. Hutiwa shaba kidogo au antimoni, na zamani hata risasi. Waingereza walilia chakula kwenye sahani hizi karne nyingi, kabla vyombo vya kaure na vya udongo havijawa rahisi. Ndiyo maana anayepamba seti ya filamu ya enzi za kale huzikodi kwenye maghala ya vifaa vya filamu. Ghala likipunguza mali, zinaingia mnadani.

Hatua ya 1: Usisafishe kitu.
Nalisema hili mwanzo kwa sababu lilinigharimu. Sahani yangu ya kwanza ilikuwa na stika ya ghala nyuma, nami nikaifuta kwa spiriti ili ipendeze. Namba iliyokuwa pale ndiyo iliyoiunganisha na karatasi za kukodi. Sahani ninayo, ila filamu iliyochezea siwezi tena kuithibitisha.

Hatua ya 2: Soma mihuri ya fundi.
Zima taa ya chumba, kisha mulika nyuma ya sahani kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mihuri iliyofifia itajitokeza. Unatafuta mhuri wa fundi, pengine na X yenye taji, alama ya ubora, au mihuri minne midogo iliyoiga ile ya vyombo vya fedha. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini, upate nakala. Chama cha mafundi pyuta wa London kilipewa hati ya kifalme karne ya 15, na baada ya moto mkubwa wa 1666 mafundi waligonga mihuri yao upya kwenye mabamba ambayo bado yapo. Kwa hiyo mhuri mmoja unaosomeka unaweza kukupa jina la mtu.

Kwenye makopo ya pyuta ya kunywea bia tazama karibu na ukingo. Herufi VR chini ya taji ni za enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, karne ya 19. Kopo la namna hiyo huenda lilishikwa na askari wa karne ya 16 kwenye filamu, kwa kuwa kamera haioni alama ndogo kiasi hicho. Bado ni kopo halali la kale. Ila usilipe bei ya karne ya 16.

Hatua ya 3: Soma alama za seti.
Hapa ndipo penye utamu. Tafuta namba iliyopakwa kwa rangi, nta ya kunata chini (huzuia sahani isiteleze mezani), na rangi ya kahawia au nta iliyopakwa juu ili taa zisimetemete kwenye lenzi. Wauzaji wengine huiita uchafu. Mimi huipiga picha.

Kisha linganisha na filamu. Simamisha picha, utafute mbonyeo au mkwaruzo uleule. Mezani huenda zilikuwapo sahani arobaini zinazofanana, kwa hiyo kufanana umbo peke yake si ushahidi. Dai risiti ya mnada au karatasi ya kukodi.

Hatua ya 4: Pima uzito.
Sahani za kuigiza zinazotengenezwa kwa ajili ya filamu huwa za plastiki au alumini iliyopakwa rangi. Nyanyua: alumini ni nyepesi mno. Plastiki haina ule ubaridi wa metali mkononi.

Hatua ya 5: Tunza.
Ukishapiga picha zote, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukwepe stika na namba, kisha kausha papo hapo. Usiiweke jikoni karibu na moto. Pyuta huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 240 hivi za selsiasi au chini ya hapo. Usiihifadhi kwenye kabati la mwaloni, maana mbao hizo hutoa tindikali inayoila risasi. Na kwa ajili ya risasi hiyohiyo usilie chakula humo, hasa chenye limau, siki au achari.