Kabla ya kumeza vidonge vya kuongeza damu

Ukiambiwa damu yako iko chini, uliza kwanza: ni ngapi? Jina "upungufu wa damu" linapotosha kidogo, kwani mara nyingi ujazo wa damu mwilini ni uleule. Kinachopungua ni himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Mwanamume mtu mzima huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mjamzito chini ya 11. Iandike namba yako na tarehe, maana utapimwa tena.

Namba hiyo haisemi chanzo, na hapo ndipo wengi hukosea: wanatibu namba. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, kisha mwili hutengeneza nyingine. Basi damu hupungua kwa sababu inavuja, au haitengenezwi ya kutosha, au inaharibiwa kabla ya wakati wake.

Anza na kuvuja, kwa kuwa wewe ndiye shahidi. Kabla ya kumwona daktari, hesabu siku za hedhi, pedi unazobadilisha, na kama hutoka mabonge. Tazama pia choo. Kinyesi cheusi kama lami huweza kuwa damu kutoka tumboni, na vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi; ukishaanza kuvimeza, dalili hiyo imevurugika. Taja dawa zote unazotumia, hasa aspirini na ibuprofeni, ambazo huchubua tumbo. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu kimyakimya.

Upande wa kutotengenezwa, ukosefu wa madini ya chuma ndio unaoongoza. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, kabla ya kidonge cha kwanza. Wapo pia wanaokosa foliki asidi au vitamini B12, na wenye figo zilizochoka. Kama miguu inakufa ganzi, sema: foliki asidi peke yake huweza kurekebisha damu huku ukosefu wa B12 ukiendelea kuumiza neva.

Kuhusu kuharibiwa, malaria inajulikana. Ulizia pia kama katika ukoo kuna seli mundu au thalasemia, magonjwa ya kurithi ya chembe nyekundu. Mwenye magonjwa hayo aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari amejaza chuma mwilini, na vidonge vikamdhuru.

Kupumua kwa shida ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua au kuzirai hakungoji maandalizi haya. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukiandikiwa vidonge, chai, kahawa na maziwa viwe mbali navyo kwa saa moja au mbili. Usiache mara nguvu zinaporudi, kwani akiba hujazwa kwa miezi kadhaa. Na vifungie juu: vichache tu huweza kumuua mtoto mdogo.