Wachore grafu baadaye, si kabla

Ukifundisha kozi ya kwanza ya takwimu chuoni, jaribu hili wiki ya mstari wa mwelekeo, yaani mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na nukta za data. Gawa darasa makundi manne, kila kundi lipe seti moja kati ya nne alizochapisha mtakwimu Francis Anscombe mwaka 1973. Usiseme zimetoka wapi. Kila seti ina jozi 11 tu za x na y, kwa hiyo kikokotoo kinatosha.

Waandike majibu ubaoni: wastani wa x ni 9, wa y ni karibu 7.5, kipimo cha uhusiano ni kama 0.82, mstari ni y = 3 + 0.5x. Makundi yote yanalingana, na lazima atokee wa kulalamika kwamba wenzake wamenakili. Mwache alalamike.

Ndipo wachore. Seti ya kwanza ni ya kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka unaovutwa na nukta moja iliyojitenga. Kaeni zaidi kwenye ya nne: nukta kumi zina x ya 8, moja ina 19. Waambie waifute hiyo moja, kisha wakokotoe mteremko upya. Hautapatikana, kwa sababu x haibadiliki tena na wanajikuta wanagawa kwa sifuri. Mimi naona hapo ndipo wanafunzi huelewa maana ya nukta yenye ushawishi, yaani nukta moja inayoamua mstari wote, kuliko kwa fomula yoyote.

Huna haja ya kunakili namba: ukiwa na R, programu ya takwimu, andika tu anscombe.