Jinsi ya kufuatilia habari za watu wa mlimani wa Hispania: anzia jikoni

Wadau, vijana wanaosoma historia wameniuliza sana hili, na hata ndugu zangu tunaoishi nao huku Valencia, kwamba hawa maquis wa Hispania, yaani wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa dikteta Franco, mtu anaanza vipi kuwafuatilia, manake ukitafuta unakutana na picha za wanaume wenye bunduki na majina ya utani matatu matatu, unachoka kabla hujaelewa chochote. Naandika ninavyofanya mimi baada ya kuzunguka vijiji vya Teruel na Cuenca kila nikipata likizo. Njia yangu ni moja tu, usianze na mlima, anza na nyumba iliyokuwa inapeleka mkate mlimani.

Lakini miaka lazima uwe nayo kichwani kwanza. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza Julai 1936 ikaisha tarehe 1 Aprili 1939, jenerali Franco na wenzake walioiasi serikali wakashinda. Walioshindwa wengine walivuka kwenda Ufaransa, wengine wakajaa magerezani, na wengine wakapanda milimani kwa sababu kurudi nyumbani ilikuwa ni kwenda kupigwa risasi. Hao wa mwisho waliitwa huidos, yaani waliotoroka, na mwanzoni hawakuwa na mpango wala chama juu yao, walikuwa wanajificha tu wasife. Mpango ulikuja baadaye, 1942 kule Ferradillo kwenye milima ya León likaundwa shirikisho la wapiganaji wa León na Galicia, na humo usidhani ni wakomunisti peke yao, wasoshalisti na waanakisti walikuwemo pia.

Alafu Oktoba 1944 Wahispania waliokuwa wamepigana na Wajerumani huko Ufaransa, kama watu 4,000 hivi, wakavuka mpaka na kuingia bonde la Aran kuanzia tarehe 19, wakiamini wananchi watainuka na mataifa yaliyokuwa yanamshinda Hitler yatawaunga mkono. Halikutokea hata moja, mji wa Vielha wenyewe hawakuutwaa, na baada ya siku chache wakaamriwa warudi. Baada ya hapo chama cha kikomunisti kikawa kinapenyeza vikundi vidogo vidogo, na 1946 likasimama AGLA, kundi la wapiganaji wa Levante (upande wa mashariki wa Hispania) na Aragón, ambalo hilo kweli lilikuwa chini ya wakomunisti, likifanya kazi Teruel, Castellón, Valencia na Cuenca. Mimi nalijua hili zaidi kwa hiyo mifano mingi itatoka huko.

Sasa maneno. Ukienda kijijini ukasema maquis watakuelewa, lakini hilo neno limetoka Ufaransa, wazee wenyewe wanasema los del monte, watu wa mlimani, na Andalusia utasikia los de la sierra. Serikali ya Franco iliwaita bandoleros, majambazi, na sio tusi tu la mtaani, lilikuwa neno la kisheria, tarehe 18 Aprili 1947 ilitoka sheria ya kukomesha ujambazi na ugaidi ili hawa watu wasihesabike kama wapiganaji. Mpaka Mei 2001 ndo bunge la Hispania likapitisha hoja ya kuwaondolea hilo jina, fikiria mtu aliyetoka gerezani miaka ya sitini kaishi karibu miaka 40 akiitwa jambazi kwenye makaratasi ya nchi yake.

Neno la kushika kuliko yote ni enlace. Huyu ndo mtu wa nyumbani, mkulima, mchungaji, mama wa nyumba, aliyekuwa analeta chakula, habari, betri za redio, viatu. Hesabu za Guardia Civil wenyewe, askari polisi waliokuwa wanawasaka, zinataja wapiganaji waliouawa kama 2,173, ila watu waliokamatwa kwa kuwasaidia wanapita 19,000. Ziangalie hizo namba mbili pamoja kwa muda. Kwa kila mmoja aliyekufa huko juu kuna watu karibu tisa huku chini waliotolewa kwenye nyumba zao, na hao hawana sanamu na hawana majina ya utani, ndo maana nasema anza nao.

Na msaada wenyewe haukuwa mwepesi. Chakula Hispania kilikuwa kwa mgao wa kadi mpaka 1952, unga mzuri ulikuwa wa magendo, kwa hiyo kila mkate uliopanda mlimani ulitoka mdomoni mwa mtoto wa nyumba ile. Mama akinunua mkate kuliko idadi ya watu wake, mtu anamwona. Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini familia nyingine ziliwachukia watu wa mlimani, manake sio wote waliotoa kwa hiari, kuna waliogongewa usiku na wenye bunduki wakatoa, asubuhi wakagongewa na askari wakapigwa kwa sababu walitoa usiku. Usiifiche sehemu hii hata kama moyo wako uko na wapiganaji kama wangu ulivyo.

Tuje kwenye kutafuta makaratasi. Unahitaji vitu vitatu, jina lenye majina mawili ya ukoo, la baba na la mama kama Wahispania wanavyotumia, kijiji cha kuzaliwa, na jina la utani kama lipo. Ukiwa na jina moja la ukoo utapata García elfu moja. Anza na tovuti ya PARES ya nyaraka za serikali, ni bure, alafu kuna kituo cha kumbukumbu cha Salamanca, alafu kesi za mahakama za kijeshi ziko kwenye maktaba za nyaraka za jeshi, omba kwa barua pepe na uwe na subira, miezi inapita. Kumbukumbu za chama cha kikomunisti ziko Madrid, huko ndo kuna ripoti ambazo wapiganaji wenyewe walikuwa wanaziandika. Mimi niliwahi kujibiwa na ofisi moja kwamba faili halipo, nikaomba tena baada ya mwaka nikiwa nimesahihisha herufi moja tu ya jina, likapatikana, kwa hiyo usikate tamaa na jibu la kwanza.

Faili likifika usilisome kama gazeti. Lile limeandikwa na upande mmoja, tena maelezo mengi yalitolewa mtu akiwa anapigwa, utaona watu watatu wasiofanana kabisa wanaongea kwa sentensi zilezile, hapo jua aliyeongea ni karani. Ukikuta shtaka la kusaidia uasi, auxilio a la rebelión, simama kidogo, manake walioasi serikali halali 1936 ni wale waliokuwa wamekaa kwenye kiti cha hakimu. Ukikuta mtu alikufa akijaribu kutoroka, hiyo ndo waliyoita ley de fugas, mtu anatolewa usiku anaambiwa tembea, anapigwa risasi mgongoni, karatasi inasema alikimbia. Na kwenye nafasi ya kazi ya mwanamke utakuta sus labores, kazi za nyumbani, kila mahali, hata kwa mwanamke aliyekuwa anabeba barua za kikosi kizima ndani ya kikapu cha mayai. Hapo kalamu ipigie mstari.

Esperanza Martínez wa Cuenca ni mfano mzuri wa kuanzia kwa sababu alizungumza hadharani mpaka uzeeni. Shamba la familia yao lilikuwa linawalisha wapiganaji, na 1949 walipoona wanakaribia kukamatwa wakapanda wenyewe, yeye, baba na dada zake. Akakamatwa 1952, akakaa jela miaka 15, akatoka 1967. Alikuwa enlace miaka kadhaa kabla hajawa mpiganaji, na kazi ya hatari zaidi ukiniuliza mimi ni ile ya kwanza, kwa sababu nyumba haikimbii.

Kuna neno lingine, contrapartida. Ni askari waliovaa kama wapiganaji wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba chakula, anayetoa anakamatwa. Wakenya mtalielewa haraka, Waingereza walifanya vilevile na Mau Mau kule Aberdare. Na Teruel, baada ya jenerali Pizarro kupewa mkoa 1947, familia za masías, yaani nyumba za mashambani zilizo peke yake, zikalazimishwa kwenda kulala kijijini ili usiku mlima ukose jiko. Ukitembea huko leo utaona mawe ya nyumba zilizoachwa, na nyingine hazikurudiwa tena.

Ukitaka kwenda kwa miguu nakushauri Santa Cruz de Moya, mkoa wa Cuenca, mto Turia unapita pale. Kwenye kilima cha Cerro Moreno tarehe 7 Novemba 1949 askari waliizingira kambi alfajiri wakaua wapiganaji 12. Kijiji kina mnara wa mpiganaji, na Jumapili ya kwanza ya Oktoba watu wanakusanyika, hiyo ndo siku nzuri ya kwenda kwa sababu utakutana na watoto na wajukuu. Nenda na gari, mabasi ni shida, beba maji, vaa viatu vya mlima na sweta hata kama Valencia mmeacha joto. Wenye nafasi waende pia Casaio kule Galicia, kwenye kambi walizoziita Ciudad de la Selva, waakiolojia wamechimba vibanda vyao na unaona jinsi walivyoishi.

Kwa wazee, adabu yetu inasaidia sana. Vijijini huko mzee anaitwa tío na bibi anaitwa tía hata kama sio ndugu, kama sisi tu, kwa hiyo salimia hivyo, kaa, kubali kahawa. Usiulize nani alisaliti. Hilo swali linafunga mlango, manake msaliti na aliyesalitiwa wajukuu wao wameoana. Uliza walikuwa wanakula nini mwaka ule, nani alikuwa anaoka mkate, mbwa alikuwa anabweka usiku au walimfunga. Bibi mmoja nilimuuliza habari ya mbwa tu, akanyamaza, alafu akaongea masaa mawili, na nilipotoka akanipa mkate nile njiani.