Kubadilisha chanzo cha elektroni kwenye maikroprobu: kutoka tungsteni hadi heksaboridi

Kwenye maikroprobu, yaani chombo kinachopiga sampuli kwa mwale wa elektroni ili kupima elementi zilizomo, waya wa tungsteni huhitaji joto la takribani kelvini 2,700 ili utoe elektroni za kutosha. Fuwele ya lanthanamu heksaboridi (LaB6) hufanya kazi kwenye kelvini 1,800 hivi, kwa kuwa elektroni huponyoka kwenye uso wake kwa nishati ya elektronivolti 2.7 hivi badala ya 4.5, na mwale wake huwa mkali takribani mara kumi. Binafsi huchagua seriamu heksaboridi (CeB6), ambayo huvumilia zaidi uchafu wa kaboni.

Hatua ya 1. Pima ombwe kabla ya kununua chochote. Tungsteni hustahimili paskali 10⁻³, ilhali heksaboridi hudai 10⁻⁵ au chini ya hapo, hivyo chumba cha bunduki ya elektroni, yaani sehemu inayotoa mwale, lazima kiwe na pampu yake ya ioni.

Hatua ya 2. Zima volteji kubwa, subiri bunduki ipoe, ingiza nitrojeni kavu, kisha gusa kofia ya Wehnelt (kifuniko cha chuma kinachozunguka chanzo cha elektroni) kwa fimbo ya ethi, iliyounganishwa na ardhi, kabla ya kuishika. Toa waya wa zamani, safisha kofia, funga fuwele na uiweke katikati ya tundu.

Hatua ya 3. Pasha joto polepole. Hapa ndipo fuwele nyingi huharibika. Acha pampu zifanye kazi usiku kucha, kisha ongeza mkondo wa kupashia kidogo kidogo huku ukitazama kipimo cha ombwe. Shinikizo likipanda, simama hapo hapo mpaka lishuke, kwa sababu kishikizo cha fuwele na kofia hutoa gesi zinapopata moto kwa mara ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kipimo hukaa mbali na fuwele, kwa hiyo hali iliyopo kwenye ncha yenyewe ni mbaya kuliko namba unayoisoma. Usitumie kamwe programu ya kupasha yenyewe iliyotengenezwa kwa ajili ya tungsteni, maana hupandisha haraka na kupita kiwango, na fuwele hupasuka au huvukizwa kabla ya wakati wake. Unapoongeza joto, mkondo wa mwale unaweza kuonyesha kilele cha uongo kabla ya kilele halisi. Ukifika kwenye kile halisi, rudi chini kidogo. Kwa saa kadhaa mkondo wa mwale utaendelea kupanda wenyewe kadiri uso unavyojisafisha, na hilo halihitaji joto zaidi. Kuzima nako kufanywe polepole, na kwa hiyo umeme wa akiba ni wa lazima popote umeme unapokatika mara kwa mara.

Hatua ya 4. Panga upya mwale na upachuro (tundu dogo linalopunguza upana wa mwale), kisha rekodi mkondo wa mwale kwenye kikombe cha Faraday, kinachonasa elektroni zake ili zipimwe, usiku kucha. Usipime sampuli za rejea, ambazo viwango vyake vya elementi vinajulikana, mpaka mkondo huo utulie, kwa sababu kila mkolezo utakaoukokotoa baadaye utalinganishwa na vipimo hivyo.